Kabla Hujapitisha Ruzuku: Namna ya Kuipima Kazi ya Mtafiti

Umeteuliwa kuingia kwenye kamati ya kugawa fedha za utafiti. Pengine ni kamati ya chuo kikuu chako, pengine ni ya mfuko wa taifa kama ule ulio chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania (COSTECH), au Mfuko wa Taifa wa Utafiti wa Kenya uliotokana na sheria ya mwaka 2013. Tuseme maandiko yaliyopo mezani ni arobaini na fedha zinatosha sita. Juu ya kila andiko sekretarieti imeambatisha karatasi moja ya muhtasari: jina la mtafiti mkuu, idadi ya makala alizochapisha, mara alizonukuliwa, na kipimo chake cha h. Muda ni mchache. Ukiyapanga maandiko kwa namba hizo kutoka juu kwenda chini, kazi itakwisha kabla ya chai ya saa nne.

Nakuomba usifanye hivyo. Fedha unazozigawa ni za walipakodi, na watu wanaoyahitaji matokeo ya utafiti huo, yaani mkulima, mgonjwa, mvuvi, mwalimu wa shule ya msingi, hawamo kwenye kikao kujisemea. Wewe ndiye unayeketi kwa niaba yao. Namba zina kazi yake, na nitaieleza, lakini kazi hiyo ni kukufanya uulize. Anayeamua ni wewe, baada ya kuisoma kazi yenyewe.

Anza na mfuko

Kabla hujafungua andiko la kwanza, omba waraka ulioanzisha mfuko na usome fedha hizi zilitengwa kwa ajili ya nini. Kuna fedha za kumwinua mtafiti chipukizi, kuna za kutatua tatizo lililotajwa kwa jina, kuna za kuijenga taasisi nzima. Kila moja ina vipimo vyake. Uingereza, kwa mfano, huvipima vyuo vyake vikuu kila baada ya miaka kadhaa, na katika awamu ya mwaka 2021 alama ziligawanywa hivi: asilimia 60 kwa ubora wa machapisho, 25 kwa manufaa yaliyoonekana nje ya chuo, na 15 kwa mazingira ya utafiti. Zoezi hilo husaidia kuamua fungu la chuo, wala halikubuniwa kuchagua mradi wa mtu mmoja. Kamati ikichukua utaratibu wa kupima chuo kizima na kumpima nao kijana aliyemaliza shahada ya uzamivu mwaka juzi, itamwonea, na mfuko utampoteza mtu uliyemkusudia.

Kwa hiyo kila mjumbe aandike sentensi moja au mbili: fedha hizi zikitumika vizuri, baada ya miaka mitano nini kitakuwa kimebadilika, na kwa nani? Kisha msomeane. Mkitofautiana, zungumzeni hadi muelewane, kwa sababu tofauti hiyo msipoimaliza mapema itajificha ndani ya alama mtakazotoa na hakuna atakayeiona.

Namba kwenye karatasi ya muhtasari

Kipimo cha athari cha jarida kilitokana na kazi ya Eugene Garfield wa Marekani, aliyetoa wazo lake mwaka 1955, na kwa miaka mingi kiliwasaidia wakutubi kuamua wanunue majarida gani. Hupatikana kwa kuhesabu mara ambazo makala za jarida za miaka miwili iliyopita zimenukuliwa mwaka huu, kisha kugawa kwa idadi ya makala hizo. Ni wastani. Na katika karibu kila jarida makala chache hunukuliwa sana, nyingi hunukuliwa kidogo, nyingine hazinukuliwi kabisa. Kumpima mtafiti kwa jarida alimochapisha ni kama kumpa mwanafunzi alama kwa kutazama wastani wa darasa lake. Ndiyo maana Azimio la San Francisco la mwaka 2013 liliwataka wafadhili waache kutumia kipimo hicho kwa kuajiri, kupandisha vyeo na kutoa fedha.

Kipimo cha h alikibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Mtafiti mwenye h ya 10 ana makala kumi ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara kumi. Sasa fanya hesabu ndogo. Mtafiti wa kwanza ana makala tano tu, na kila moja imenukuliwa mara mia: h yake ni 5. Wa pili ana makala kumi, kila moja imenukuliwa mara kumi: h yake ni 10. Kazi ya wa kwanza imetumiwa na wenzake mara mia tano, ya wa pili mara mia moja, lakini kwenye karatasi yako wa pili ndiye anayeonekana mkubwa maradufu. Zaidi ya hapo, kipimo hiki hakishuki. Hukua kadiri mtu anavyozeeka kazini, hata kama ameacha kutafiti siku nyingi.

Fani nazo hazilingani. Mtaalamu wa hisabati huchapisha kidogo na hunukuliwa polepole. Mtafiti wa magonjwa ya kuambukiza yumo katika makala zenye majina thelathini, na hunukuliwa ndani ya miezi. Ukiwaweka kwenye safu moja, umepima desturi za fani badala ya watu. Halafu kuna kanzidata zenyewe: Scopus na Web of Science zimeacha nje majarida mengi ya Afrika, na mwanaisimu anayechapisha kwa Kiswahili katika jarida la Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) anaweza kuonekana mbele yako kama mtu asiye na kazi, ilhali ndiye anayesomwa kila muhula na wanafunzi wa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar. Ilani ya Leiden, iliyochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2015 ikiwa na kanuni kumi, inataja jambo hili waziwazi: utafiti bora unaohusu mahali fulani ulindwe, usiadhibiwe kwa kuandikwa kwa lugha ya watu wa mahali hapo.

Na pale namba inapogeuka kuwa pesa, watu huitengeneza. Wapo wanaojinukuu wenyewe, wapo wanaopeana majina kwenye makala wasizozigusa, na wapo wanaonunua makala zilizoandikwa tayari. Mwaka 2023 pekee, mchapishaji Hindawi alifuta makala zaidi ya 8,000. China, ambako taasisi nyingi zilikuwa zikilipa bonasi kwa kila makala iliyoingia kwenye orodha ya kimataifa, ilitoa maelekezo mwaka 2020 kupitia wizara zake za elimu na sayansi kupunguza utegemezi huo na kukomesha malipo ya aina hiyo. Nchi yenye watafiti wengi kiasi hicho ilipofika hapo, hatuna sababu ya kuanza leo njia waliyoiacha wao.

Basi karatasi ya muhtasari uifanyie nini? Itumie kutafuta mambo yanayohitaji maelezo. Makala ishirini kwa mwaka mmoja: alizifanyaje, na nani mwingine alikuwemo? Pengo la miaka mitatu bila chapisho: alikuwa masomoni, alikuwa na mtoto mchanga, au alikuwa kijijini akikusanya takwimu za muda mrefu? Makala moja imenukuliwa kupita nyingine zote: inasema nini, na waliomnukuu wanamkubali au wanampinga? Maswali hayo andika pembeni, kisha iweke karatasi chini na usiirudie mpaka umemaliza kusoma andiko.

Muhogo wa Amani

Nataka nikueleze kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu kinaonyesha vizuri namna tathmini ya haraka inavyoweza kukosea.

Mwaka 1936, H. H. Storey, akiwa kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara Mashariki, alieleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi ugonjwa wa muhogo ambao leo tunauita michirizi kahawia. Ni ugonjwa mbaya kwa namna yake. Shina na majani yanaweza kuonekana mazima kwa macho ya mpita njia, lakini mkulima akichimba na kukata mzizi, anakuta ndani madoa makavu ya kahawia, na chakula cha nyumba nzima hakifai hata kwa unga. Watafiti wa Amani waliendelea kwa miaka mingi kuuchanganya muhogo na jamaa yake wa mwituni, ule mti uliokuwa ukilimwa kwa ajili ya mpira, wakitafuta mbegu itakayovumilia ugonjwa huu na ugonjwa mwingine wa muhogo uitwao batobato.

Jiulize: kamati ya mwaka 1950 ingekuwa na karatasi za muhtasari kama zako, ingewapa alama gani? Zao la masikini. Ugonjwa uliojulikana hasa ukanda wa pwani na kando ya Ziwa Nyasa. Wasomaji wachache, wa kuwanukuu wachache zaidi.

Kisha tazama kilichofuata. Mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria, na humo zikawa chimbuko la aina nyingi zinazovumilia batobato ambazo zimeenea Afrika. Mwaka 2001 kirusi cha michirizi kahawia kilitambuliwa kwa vipimo vya kisasa. Mwaka 2004 ugonjwa ukaonekana upya Uganda, katika maeneo ya mwinuko ambako haukutarajiwa, ukaanza kusambaa Maziwa Makuu. Watafiti waliposaka mbegu yenye kuvumilia, mojawapo ya walizozikuta ni uzao wa Amani uliokuwa ukiitwa kwa namba, 46106/27, uliobaki mikononi mwa wakulima wa pwani. Tanzania wanauita Namikonga, Kenya wanauita Kaleso. Zaidi ya miongo minane baada ya maelezo ya Storey, bado unatumika katika kuzalisha mbegu mpya.

Sisemi kila utafiti usionukuliwa ni hazina. Mwingi haunukuliwi kwa sababu ni dhaifu. Ninachosema ni kwamba kutonukuliwa peke yake hakukuambii kama utafiti ni hazina au ni dhaifu, na njia ya kujua ni kuuliza: tatizo hili ni la kweli? Njia aliyotumia ni sahihi? Kuna mtu au shamba au zahanati iliyoshika kitu kutoka kwenye kazi hii?

Swali hilo la mwisho lina mfano mzuri Morogoro. Mwaka 1997, watafiti wa Ifakara na wenzao wa Uswisi walianza katika wilaya za Kilombero na Ulanga mradi wa KINET, wa kuuza vyandarua vyenye dawa kwa jina la Zuia Mbu kupitia maduka na mawakala wa vijijini, huku wakifuatilia uhai wa watoto. Mwaka 2001 walichapisha katika jarida la Lancet kwamba matumizi ya vyandarua hivyo yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Mwaka 2004 Tanzania ikaanza Hati Punguzo: mama mjamzito akapewa hati kliniki, akaenda nayo dukani na kupata chandarua kwa bei nafuu. Hapo unaweza kuufuata mnyororo kwa mkono, pete baada ya pete, kutoka daftari la mtafiti hadi kaunta ya duka. Mwombaji wako akidai kazi yake imeleta manufaa, mtake akuonyeshe mnyororo wa aina hiyo, hata kama ni mfupi na unaishia kata moja. Lakini uwe mwangalifu na anayejitwalia sifa zote. Sera ya nchi huzaliwa na mikono mingi, na mtafiti mkweli huwataja wenzake.

Makala tatu, si orodha ya mia

Mtake kila mwombaji achague kazi tatu anazoona ndizo bora zake, na kwa kila moja aandike aya moja: aligundua nini, yeye binafsi alifanya nini, na nani amekitumia. Kazi si lazima iwe makala. Inaweza kuwa mbegu iliyosajiliwa, programu ya kompyuta, kanzidata, kamusi, mwongozo wa wizara. Orodha nzima ya machapisho ibaki kwenye kiambatisho.

Kisha zisome. Huna muda wa kuzisoma zote kwa kina, basi gawaneni: kila andiko lipate wasomaji wawili, angalau mmoja awe wa fani hiyo. Unaposoma, usianzie kwenye muhtasari wala hitimisho, kwa sababu hapo ndipo kila mtu hujipamba. Nenda kwenye sehemu ya mbinu. Ukubwa wa sampuli umeelezwa, na sababu ya kuchagua ukubwa huo? Waliokataa kuhojiwa wametajwa? Takwimu zimehifadhiwa mahali ambapo mtafiti mwingine anaweza kuziomba? Kibali cha maadili kipo? Kisha soma sehemu ya mapungufu. Mtafiti anayeandika mapungufu yake kwa undani, akataja mvua iliyokatiza ukusanyaji wa takwimu au mashine iliyokuwa mbovu na alivyorekebisha, ana nafasi kubwa ya kukurudishia ripoti unayoweza kuiamini.

Angalia pia mpangilio wa majina. Katika tafiti zetu zinazofanywa na wabia wa nje, mara nyingi Mtanzania au Mkenya yuko katikati ya orodha ndefu. Uliza alikuwa na kazi gani. Yaweza kuwa ndiye aliyebuni dodoso, akawafunza wadadisi, akalala vijijini msimu mzima, ilhali jina la kwanza ni la mtu aliyekuja wiki mbili. Yaweza pia kuwa alitia saini barua ya utambulisho tu. Namba hazitofautishi kati ya hao wawili, lakini simu moja kwa mtafiti mwenzake itatofautisha. Na ukiweza, piga simu ya pili kwa mtumiaji: afisa ugani, mganga mkuu wa wilaya, mwalimu mkuu. Mwulize swali moja tu, wale watafiti walirudi kuwaeleza walichokipata? Jibu lake linasema mengi kuhusu mtu unayetaka kumkabidhi fedha.

Ndani ya kikao

Wahakiki wazuri hawakubaliani, na ni vizuri ulijue hilo mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na timu ya Chuo Kikuu cha Wisconsin uliwapa wahakiki 43 maombi 25 ya ruzuku za afya za Marekani, na haukukuta makubaliano ya maana kati yao kuhusu ombi lipi ni bora. Sweden nako, Christine Wennerås na Agnes Wold walichambua mwaka 1997 maamuzi ya Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo, wakakuta mwanamke alihitaji kuwa na tija ya mara mbili na nusu ya mwanamume ili aonekane sawa naye. Wahakiki hao walikuwa wasomi wa kuheshimika. Kama yaliwapata wao, yanaweza kukupata nawe.

Kwa hiyo toeni alama kila mtu peke yake, kwa maandishi na kwa sababu, kabla ya kukutana. Alama isiyo na sababu isihesabiwe. Kikaoni, mdogo kwa cheo aanze kusema na mwenyekiti amalizie. Sote tunajua mambo yalivyo kwetu: profesa akishatoa kauli, mhadhiri msaidizi humeza neno lake kwa heshima, na kamati hubaki na maoni ya mtu mmoja yaliyotiwa saini na watu saba.

Mgongano wa maslahi nao ni mgumu zaidi kwetu, kwa kuwa watafiti wa fani moja katika nchi nzima wanaweza kuenea kwenye basi dogo. Huyu alikuwa mwanafunzi wako, yule ni mke wa mwenzako, wa tatu alikunyima kazi. Kuutangaza mgongano huo hakutoshi. Toka nje ya chumba andiko hilo linapojadiliwa, na iandikwe kwenye muhtasari wa kikao kwamba ulitoka. Ikibidi, tafuteni msomaji kutoka nchi jirani. Kampala, Kigali na Bujumbura wapo watu wanaoweza.

Mkishamaliza, mtakuta maandiko matatu au manne yanayong'ara, mengi ambayo hayafai, na katikati kundi ambalo hakuna anayeweza kueleza kwa nini la sita lipate na la saba likose. Hapo watu hugombania nusu alama. Tofauti hiyo ndogo ina uzito mkubwa: uchunguzi uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watafiti vijana waliovuka mstari kidogo tu walikuja kupata, kwa miaka minane iliyofuata, zaidi ya mara mbili ya fedha walizopata waliokosa kidogo. Kwa kundi hilo la katikati mimi naunga mkono kura ya bahati, inayopigwa hadharani na kutangazwa kuwa ni kura. Baraza la Utafiti wa Afya la New Zealand lilianza kuitumia kwa baadhi ya ruzuku zake mwaka 2013, na Uswisi imeikubali pale alama zinapofungana. Kura hiyo ni ya haki kuliko hoja zinazotungwa saa kumi na moja jioni watu wamechoka.

Baada ya kutia saini

Toeni fedha kwa awamu, na awamu ya pili itegemee ripoti ya kurasa mbili badala ya kitabu. Msimwadhibu mtafiti ambaye dhana yake haikuthibitika ikiwa aliipima sawasawa na akaandika alichokuta. Mkimwadhibu, mwakani mtaletewa mafanikio matupu na hamtajua lipi ni la kweli. Tengeni pia sehemu ndogo ya mfuko kwa ajili ya kumtuma mtu, miaka mitano baadaye, aende shambani au kliniki aone kilichobaki, kisha alete taarifa hiyo kwa kamati itakayokuwepo wakati huo pamoja na alama mlizotoa ninyi leo. Bila hilo kamati haitajua kamwe kama inachagua vizuri.

Waliokosa nao waandikieni. Kila mmoja apate barua yenye sababu za wasomaji wake wawili, bila majina yao: sampuli ilikuwa ndogo, bajeti ya usafiri haikuelezwa, wazo ni zuri ila mshirika wa maabara hajathibitisha. Barua itoke ndani ya wiki mbili baada ya kikao, mapema kiasi cha mwombaji kuweza kulirekebisha andiko lake na kulirudisha kwenye dirisha linalofuata.